Utosi Ukianza Kuchungulia

Niliwaambia mama zenu, nikawaambia dada zenu, na leo nawaambia ninyi mliotimiza hamsini: nywele hazijazwi kwa kuvutwa. Nimesuka vichwa vya watu tangu enzi za uzi mweusi hadi hizi za rasta za pakiti, na kila aliyekuja kuniuliza, "Bibi, nifanyeje zijae?" alikuwa amekwisha kujibiwa na shoga yake kabla yangu. Haya, nisikilizeni tena.

Kichwa kina nywele kama laki moja, na kila unywele una zamu yake. Hukua miaka 2 hadi 7, hupumzika miezi kama 3, hudondoka, mwingine ukaota pale pale. Kwa hiyo nywele 50 hadi 100 zikidondoka kwa siku ni kawaida. Usipige yowe kwa sababu ya chanuo. Umri ukipanda, hasa hedhi ikishakoma, zamu ya kukua hufupika na shina lenyewe husinyaa, hata unywele mpya ukaota mwembamba kuliko ule uliotangulia. Ndipo njia ya katikati inapopanuka na utosi ukaanza kuchungulia. Si husuda ya wifi, mwanangu.

Huo ni wembamba wa umri. Upo na wa kujitakia, nao ndio unaonichosha. Angalia kandokando ya paji na juu ya masikio. Pakiwa peupe pale na nyuma kumejaa, hapo si uzee, hapo ni msusi. Twende kilioni imekazwa mpaka nyusi zimepanda, mtu analala na Panadol, kesho anasifiwa kwamba amependeza. Tangu lini kusuka kukataka dawa ya maumivu? Na anayeweka dawa ya kulainisha kisha akasukia rasta nzito juu yake, huyo amekata unywele kwa mikono miwili. Shina likivutwa mwezi huu na ujao huchoka. Likivutwa miaka, hufa na kuacha kovu. Ngozi ikishang'aa, vitundu vya vinyweleo havionekani tena, mafuta yote ya sokoni hayatakuoteshea kitu.

Na ninyi wa mitandio, msidhani mmesalimika kwa kuwa hakuna anayeona. Mnaosha kichwa, mnabana fundo lingali majimaji, mnafunga juu yake kutwa nzima. Mba hapo hauombi ruhusa.

Sasa hilo la kuzijaza. La kwanza hamtalipenda: kateni. Nywele nyembamba zikiwa ndefu hujivuta chini kwa uzito wao, na ncha zilizochakaa huonekana kama uzi uliofumuka. Zikikatwa usawa wa kidevu, zote urefu mmoja, huonekana nyingi siku hiyo hiyo, wala hujalipia dawa yoyote. Msizisimamishe kwa pasi ya moto kila asubuhi. Zifungeni uzi usiku kama walivyofanya bibi zetu, bila kukaza shinani, au mviringishe rola. Asubuhi zitakuwa zimenyooka na kufura. Njia nayo ihamisheni. Mtu anachana upande mmoja tangu darasa la saba, halafu anashangaa nywele zimelala!

Mafuta ya nazi ni mazuri, huzuia unywele usipoteze nguvu yake wakati wa kuosha. Lakini nywele nyembamba ukizimiminia kama unakaanga maandazi, zitagandamana na ngozi itaonekana zaidi. Matone machache, kabla ya kuosha, basi. Hina ya majani huuvika unywele ukawa mnene kidogo mkononi, na huficha mvi. Ile hina nyeusi ya pakiti iogopeni; nyingi hutiwa kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuvimbisha macho. Uwatu hulainisha, sina ugomvi nao. Maji ya vitunguu nimewaachia wenye pua ngumu.

Ipo dawa ya kweli pia, minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele wasikotarajia, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu ipakwe kichwani. Hupakwa kwenye ngozi, siyo kwenye nywele, kila siku. Wiki za mwanzo huweza kudondosha zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa chooni. Ipe miezi 4 hadi 6. Ukishaacha, ulichopata kitaondoka nacho. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse.

Ila kabla ya duka la dawa, hospitali. Homa kali, uzazi au msiba huweza kunyonyoa nywele miezi 2 au 3 baadaye, nazo kwa kawaida hurudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma na ugonjwa wa tezi ya shingo navyo hunyonyoa, na vyote viwili huonekana kwa kupimwa damu. Kama unameza vidonge vya bayotini, mwambie daktari, maana vinaweza kuvuruga majibu ya tezi. Na kwa mtu asiyepungukiwa nayo, sijaona vinaongeza nini zaidi ya gharama. Utosi ukiwasha au kuchoma huku ukizidi kuwa wazi, usingoje: mtafute daktari wa ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanafundishwa tangu 1992, hamwezi kusema hawapo.

Najua mmoja wenu ana harusi ya binti yake wiki mbili zijazo, na haya yote ya miezi sita hayamsaidii. Nunua wigi, mwanangu, sikukatazi. Liwe jepesi, lisigandishwe kwa gundi, livae juu ya kofia laini, na ukirudi nyumbani livue kabla hujavua viatu.