Aliyerudi na Vita Moyoni

Jina la Rambo lajulikana katika nchi yetu hata kwa wale wasiopata kuiona picha yake. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku mwaka 2019 watu waliiita kwa jina hilo. Hapa Lukozi twawasikia vijana wakimsifu kwa ajili ya nguvu zake na silaha zake. Lakini tulipoitazama picha ya kwanza, iitwayo First Blood, ya mwaka 1982, tuliona habari za mtu aliyekosa mlango wa kubisha hodi.

Askari huyu alitoka katika vita vya Vietnam. Alimtafuta rafiki yake wa vitani, akaambiwa amekwisha kufa. Akashika njia kwa miguu hata akafika mji mdogo, naye alitaka chakula tu. Mkuu wa polisi hakupendezwa na sura yake, akamtoa nje ya mji, aliporudi, akamfunga. Kifungoni walimpiga, na walipomshika kwa nguvu ili wamnyoe kwa wembe, akayakumbuka mateso aliyotendwa na adui. Akatoroka, akakimbilia msituni, nao wakamwinda kwa mbwa na bunduki na helikopta, kama awindwavyo nguruwe aharibuye mahindi.

Basi twauliza: Je, ni haki watu kumwinda mtu ambaye taifa lao wenyewe lilimfundisha kuua, kisha likampeleka vitani?

Labda mtu atajibu kwamba mkuu wa polisi alipaswa kuwalinda watu wake. Jibu hili si la kudharauliwa. Mtu aliyeharibiwa na vita aweza kumwumiza mkewe au jirani yake, na upendo usiomlinda mke huyo si upendo. Lakini na tuangalie ni lipi lililotangulia. Mtu yule hakuwa amemdhuru mtu ye yote alipofukuzwa. Madhara yalikuja baadaye.

Wazee wa Usambara husimulia habari za Mbegha. Ndugu zake kule Ngulu walimfukuza, kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota, wakamhesabu kuwa mkosi. Akaja milimani kwetu na mikuki na mbwa, mwindaji asiye na kwao. Wasambaa wangaliweza kumkimbiza, lakini waliipokea nyama yake, wakampa chakula cha mashamba yao, hata mwisho wakamfanya mfalme wao huko Vugha. Hatusemi kwamba kila mgeni ni Mbegha. Twasema kwamba wazee wale, ambao Injili ilikuwa haijawafikia, walijua kumlisha mtu kabla ya kumhukumu.

Nasi tulio na Injili twamjua yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Watu walimfunga kwa minyororo, akaikata. Bwana Yesu alimwuliza jina lake, naye akajibu Legioni, neno lililokuwa jina la kikosi cha jeshi la Kirumi. Alipoponywa alitaka kufuatana na Bwana, lakini Bwana alimwagiza arudi nyumbani kwa watu wake. Basi kazi ya kumpokea waliachiwa nani, kama si wale wale waliomfunga?

Nchi yetu nayo imepeleka watu vitani: askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, askari wa KAR waliopigana Burma, na wale waliokwenda Uganda mwaka 1979. Wa vita hivi vya mwisho waliporudi tuliwapigia vigelegele. Lakini yule aliyeamka usiku akipiga kelele, au aliyejificha katika pombe, tulimwitaje? Wengine walimwita mlevi, wengine walisema amerogwa. Katika milima hii hii iko hospitali ya Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu miaka mingi hutunza wagonjwa wa akili. Huko mgonjwa hupewa dawa, na pia kazi ya mikono pamoja na wenzake. Twamshukuru Mungu kwa huduma hiyo, lakini haituondolei wajibu wetu. Atokaye Lutindi hurudi kijijini, na kijiji ni sisi.

Kwa hiyo, ninyi wainjilisti na wazee wa sharika, akija kwenu mtu wa namna hii, msianze kumwuliza ataondoka lini. Mwulizeni jina lake, mpeni chakula, na mmoja wenu akae naye. Akitishia watu wa nyumbani mwake, waiteni wenye amri bila kukawia, lakini mfuatane nao, asisimame peke yake mbele ya bunduki.

Katika picha ile bunduki hazikumshinda askari yule. Mwishoni alikuja mkuu wake wa zamani, mtu aliyemjua, naye akalia kama mtoto, akajitoa. Kama mmoja wa mji ule angalimsikiliza siku ya kwanza, huenda yote hayo yasingalitokea. Bwana atupe masikio kabla ya kushika fimbo. Amina.