Kago na Dhamiri

Nani aliye mwaminifu: yule asiyeiba kwa kuogopa, au yule asiyeiba kwa kuuchukia wizi? Swali hili lilinifika utotoni, chini ya mchungwa.

Katika pwani yetu watu wengi walilinda mashamba yao kwa kago. Kago ni uganga uliotiwa katika kitambaa, kibuyu au chupa, ukatundikwa mtini au ukafukiwa mpakani. Iliaminika kwamba mwizi akichuma tunda atavimba tumbo, au atashindwa kutoka shambani mpaka mwenyewe aje amfungue. Babu yangu alikuwa na kibuyu kama hicho juu ya mchungwa wake, nami sikuthubutu kuokota hata chungwa lililoanguka. Watu wakanisifu kwa adabu yangu.

Siku moja upepo ulikiangusha kibuyu kikapasuka. Ndani yake mlikuwa na majivu matupu. Kabla ya jua kuchwa nilikuwa nimekwisha kula machungwa manne. Babu alipoyaona maganda hakunipiga. Alisema tu, "Mjukuu wangu, kumbe mwenye adabu alikuwa kibuyu." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Lililonipata mimi huwapata watu wengi pamoja. Wamijikenda waliziweka Kaya, yaani misitu walimokaa wazee wao, chini ya miiko mikali. Kukata mti humo kulikatazwa, na ndani ya Kaya lilifukiwa fingo la kuulinda mji. Kwa miiko hiyo miti ilisimama vizazi kwa vizazi. Hofu ilipopungua, mashoka yaliingia, hata Serikali ikaanza mwaka 1992 kuzitangaza Kaya kuwa mahali panapolindwa kwa sheria. Mwaka 2008 baadhi yake ziliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Basi tusiwacheke wazee. Waliona kwamba mti hauna kinywa cha kujitetea, wakaupa mlinzi. Lakini sheria nayo, kwa mtu asiye na dhamiri, ni kibuyu kingine: ataiheshimu mpaka askari ageuze uso. Na elimu ikituondolea hofu bila ya kutia heshima mahali pake, itakuwa imetupasulia kibuyu tu, ikatuacha peke yetu na machungwa ya watu.

Kwa hiyo, msomaji kijana, upitapo penye tunda lisilo lako, na hapana jicho likuonalo, jiulize: leo mlinzi ni nani?