Jirani wa Mama Mdogo

Mama mdogo aliniuliza swali lile akiwa anachagua mchele. Tulikuwa tumekaa barazani kwake Muheza, yeye na ungo mapajani, mimi na simu mkononi. Ilikuwa likizo ya Desemba, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma biolojia.

"Wewe mwanangu si unasoma mambo ya mwili?" alisema bila kuinua macho. "Kuna jirani yangu hapa, mtu mzima. Siku zake alishaacha kuziona zamani. Sasa anaona damu tena. Hiyo huwa ni nini?"

Nilijua. Damu ya namna hiyo haifai kungojewa, na saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo daktari ataitafuta. Nilijua na jambo la pili, kwa jinsi vidole vyake vilivyosimama ndani ya ungo: hapakuwa na jirani.

"Aende hospitali akaangaliwe," nikasema. Kisha nikamuuliza kama maji ya bomba yanatoka siku hizi. Akajibu kwamba yalitoka Jumanne. Tukaishia hapo.

Miezi minane baadaye nilimkuta wodini, Dar es Salaam, akisubiri mionzi. Amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Nikamwamkia. Akaitikia, akanishika mkono, akasema, "Yule jirani nilikuwa mimi, mwanangu." Nami nikajifanya kushangaa. Alifariki kabla mwaka haujaisha.

Tangu hapo nina swali moja ambalo limekataa kuondoka. Mtu ambaye anajua jambo la kusema, na analo kabisa ndani yake, lakini likazuiwa lisifike mdomoni, ana hatia kiasi gani?

Ajabu ni kwamba muhula uleule nilikuwa nimeandika kazi ya semina kuhusu protini inayoitwa p53. Kila seli ya mwili huitengeneza. Kazi yake ni kupokea habari mbaya. DNA ikikatika au seli ikianza kugawanyika bila mpango, protini nyingine huipelekea p53 ujumbe, nayo huamua: seli isimame ijirekebishe, au kama haitengenezeki, ife. Mwili mzima unaishi kwa sababu ndani yake kuna seli zinazokubali kusimama na kufa zinapoambiwa.

Virusi vya papiloma, yaani HPV, viko vya aina zaidi ya 200, na nyingi hazina madhara makubwa. Aina mbili, 16 na 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kirusi hiki hakina mitambo yake ya kunakili DNA. Kinategemea mitambo ya seli, na mitambo hiyo hufanya kazi seli inapojiandaa kugawanyika. Kwa hiyo kinatoa protini yake iitwayo E7, ambayo hushika breki ya seli, protini ya Rb, na kuiachisha kazi. Seli inaanza kwenda. Hapo ndipo p53 ingepaswa kupiga kelele.

Kirusi kina jibu la hilo pia, nalo ni protini ya E6. Peke yake E6 haina uwezo wa kuiangamiza p53. Inachofanya ni kuikamata protini nyingine ya seli yenyewe, na kwa pamoja zinaibandika p53 alama ndogo iitwayo ubikwitini. Ndani ya seli alama hiyo maana yake ni moja: hiki ni cha kutupa. Mtambo wa taka wa seli unaichukua p53 na kuikatakata.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni hiki. Katika saratani nyingi za sehemu nyingine za mwili, jeni ya p53 huwa imeharibika. Katika saratani nyingi za mlango wa kizazi jeni hiyo ni nzima. Seli inaendelea kutengeneza mlinzi wake kila siku, na kila siku mlinzi anaburutwa nje kabla hajasema neno.

Ushahidi wake uko katika seli za mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks. Mwaka 1951 madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumuomba ruhusa. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Seli zake hazikufa. Zimegawanyika katika maabara za dunia nzima hadi leo, na baadaye ilibainika kwamba zilibeba HPV aina ya 18. Mwaka 2000 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio ambalo waliziwekea seli hizo protini inayozima jeni za E6 na E7. Kelele ya kirusi iliponyamaza, p53 ikarudi. Seli zilizokuwa zikigawanyika kwa karibu miaka 50 zikaacha, zikaanza kuzeeka. Mlinzi alikuwepo muda wote.

Niliposoma habari hiyo tena baada ya msiba, nilipata faraja ambayo sasa siiamini sana. Nilijiambia: basi na mimi ndivyo nilivyokuwa. Dhamiri yangu ilikuwa nzima. Neno lilitengenezwa, lakini aibu ililibandika alama ya kutupwa. Mtoto wa kiume hazungumzi na mama yake mdogo habari za huko. Hilo nililifundishwa kabla sijajua kusoma, na nililifundishwa kwa nia njema, kwa jina la heshima. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini methali ile hatukuwahi kufundishwa itumike barazani, kati ya mpwa na mama yake.

Tatizo la faraja hii ni kwamba mfano wenyewe unanigeuka. E6 haifanyi kazi bila msaidizi wa ndani. Aibu nayo haikunifunga mdomo peke yake. Ilihitaji mkono wangu. Mimi ndiye niliyelitafuta swali la maji ya bomba. Tena p53 haijui kwamba inaburutwa, lakini mimi nilijisikia nikinyamaza. Protini haiwezi kulaumiwa kwa sababu haina pa kusimama nje ya kinachoitendea. Binadamu ana mahali hapo, hata kama ni padogo kama sekunde tatu kati ya swali na jibu.

Basi nijihukumu? Hapo nakwama kwa sababu nyingine. Siku ya matanga niliwasikia wanawake wawili nyuma ya jiko wakinong'ona kwamba ugonjwa ule ni wa "tabia". Nilitaka kuwaambia kwamba watu wengi waliowahi kufanya tendo la ndoa hupata HPV wakati fulani, kwamba miili mingi huiondoa yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na kwamba mwanamke aliyemjua mume mmoja tu maishani anaweza kuipata. Sikuwaambia. Lakini nilielewa kwa nini mama mdogo alihitaji jirani. Alikuwa anaukwepa mnong'ono ule miezi minane kabla haujasemwa. Lawama ndiyo iliyomnyamazisha yeye, na hofu ya lawama ndiyo iliyoninyamazisha mimi. Nikiongeza lawama nyingine juu yangu, nitakuwa nailisha ileile.

Nimefikia mahali pa kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya msibani huyachanganya. Lawama inaangalia nyuma na kutafuta wa kubandikwa alama. Wajibu unauliza nani anajua, na nani wa kuambiwa sasa. Sina hakika kwamba neno langu lingemwokoa. Saratani inayotoa damu imeshakuwepo, na mabadiliko yanayoitangulia huchukua miaka mingi. Lakini kutokuwa na hakika ya matokeo hakukunipa ruhusa ya kunyamaza. Nilikuwa nadaiwa sentensi moja: "Mama, kama ni wewe, twende kesho." Deni hilo haliwezi kulipwa kwake tena. Linaweza kulipwa kwa wengine.

Mwezi uliopita nilimpigia dada yangu, binti mkubwa wa mama mdogo. Ana miaka 36 na mtoto wa kike wa miaka 10. Baada ya salamu nilimuuliza moja kwa moja kama amewahi kupima mlango wa kizazi, na kama mtoto amechanjwa. Nilimweleza kwamba chanjo hutolewa kwa wasichana nchini tangu 2018, na kwamba kipimo cha siki ni cha dakika chache: muuguzi anapaka siki, sehemu iliyobadilika inageuka nyeupe, jibu unapewa hapohapo. Nilikuwa natokwa na jasho kama mtu anayeposa.

Kimya. Kisha akasema, "Mdogo wangu, kuna rafiki yangu mmoja kazini anaogopa sana hicho kipimo."

"Dada," nikasema, "huyo rafiki ni wewe?"

Akacheka, kicheko kirefu kama cha mama yake. "Hapana, kweli ni rafiki. Anaitwa hivi na hivi, ukitaka nakupa umwulize." Akanyamaza kidogo. "Lakini na mimi sijapima."

Tukapanga Jumatatu. Nitawasubiri nje, wote wawili.