Huo Wimbo kwa Simu Yako ni wa Nani?

Ukirekodi watu wakiimba, umechukua nini? Wengi tutajibu: hakuna. Wimbo haujapungua, walioimba bado wanao, nawe umepata wa kusikiliza ukirudi mjini. Si kama kuondoka na mbuzi wa mtu.

Jibu hilo lipeleke Eliye Springs, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana. Wageni wanafika kutoka Lodwar na mbali zaidi, wanakaa chini ya mikoma, na edonga ikianza, simu zinainuka. Lakini edonga haina jukwaa wala viti vya watazamaji. Ala zake ni sauti, makofi na miguu inayotua mchangani kwa pamoja. Ukisimama kwenye duara, unapiga makofi. Mkono ulioshika simu haupigi. Ndiyo maana kila rekodi inakosa kitu kimoja: makofi ya aliyerekodi.

Halafu kuna nyimbo zenye mwenyewe. Mwanamume wa Kiturkana humtungia wimbo maksai wake ampendaye, akasifu rangi yake na pembe zake. Wenzake wataitikia, lakini kila mtu anajua huo ni wimbo wa nani. Sasa wewe unautupa TikTok, unaandika tu “Turkana”. Kweli, wimbo haukupungua. Aliyepungua ni mwenyewe: ameingia kwa simu yako akiwa mtu mwenye jina, ametoka akiwa mandhari.

Basi tuache kurekodi? Hapana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba “Chemirocha”, jina walilompa mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, kwa matamshi yao. Bila mashine yake tusingewasikia leo. Lakini kanda zilienda kuhifadhiwa Afrika Kusini, na ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya nakala kurudishwa kwa jamii zilizoimba. Kurekodi hakukuwa kosa. Kilichouma ni hiyo miaka 60.

Tracey angalau alikuwa na kisingizio cha umbali. Sisi hatuna. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, lakini hakuna askari atakayekungoja ufuoni akague simu yako. Hapo umebaki wewe na aliyeimba. Muulize kama unaweza kurekodi, na akikataa, usibembeleze. Akikubali, andika jina lake kama anavyotaka liandikwe. Kisha mwachie nakala kabla hujapanda gari: kwa Bluetooth, kwa memori kadi, kwa simu ya mwanawe. Usiseme utamtumia ukifika Nairobi. Tunajijua.

Na walau wimbo mmoja, rudisha simu mfukoni. Watu wanapiga makofi, na wewe una mikono miwili.