Taklidi ya Simu Katika Nyakati za Sala

Tumeulizwa na ndugu mmoja: nyumbani kwake mna simu mbili, yake na ya mwanawe, na kila moja ina programu ya nyakati za sala. Ya mwana huadhini Alfajiri, na ya baba hukaa kimya mpaka zipite kadiri ya dakika 18 ndipo nayo iadhini. Ipi ya kweli? Na aliyekula daku baina ya adhana mbili hizo, saumu yake ina hukumu gani?

Twamshukuru aliyeuliza, kwani wengi hawaulizi. Waionapo saa imeandikwa juu ya kioo cha simu, kwao huwa ni kama jambo lililoshuka kutoka mbinguni. Watu waliokwisha kuelezwa kwamba shekhe hafuatwi ila kwa dalili, leo wameacha kumkalidi shekhe na kuikalidi simu. Na shekhe angalau aweza kuulizwa dalili yake.

Mwenyezi Mungu ameifaradhisha sala kwa nyakati maalumu, kama ilivyo katika Suratin-Nisaa, aya ya 103. Na Jibrili alipomfundisha Mtume s.a.w. nyakati hizo, alimfundisha kwa kivuli na kwa mwangaza: mambo yanayoonekana kwa macho ya mchungaji na ya mvuvi. Simu haiutazami mbingu. Simu yapiga hisabu tu, na hisabu yake yategemea mambo matatu iliyoambiwa: u mji gani, wafuata rai ipi katika alfajiri, na wafuata madhehebu gani katika alasiri. Likikosewa moja katika hayo, hisabu itakuwa sahihi na jawabu itakuwa kosa.

Na tuanze na alfajiri, kwani ndilo swali lenyewe. Wanavyuoni wa falaki wamekhitalifiana jua liwe chini ya upeo wa macho kwa kadiri gani ndipo ichomoze alfajiri ya kweli. Rabita ya Makka yahisabu digrii 18. Misri digrii 19.5; na Jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini imejulikana kwa digrii 15. Huku kwetu, karibu na ikweta, kila digrii moja ni kadiri ya dakika nne. Basi aliye na digrii 19.5 na aliye na 15 wataachana kwa dakika 18 au zaidi kidogo, na hapo ndipo zilipoachana simu za nyumba ile. Hakuna simu iliyoharibika. Ni rai mbili zilizokaa chini ya dari moja, na wenyewe hawakujua kwamba wamechagua.

Tuonavyo sisi, hatumlazimishi kulipa siku yake aliyekula baina ya adhana hizo bila ya kuyakinisha kuwa alfajiri imeingia, kwani asili ni kubaki kwa usiku. Lakini asidumu juu ya shaka. Na azifanye simu zote mbili kuwa na hisabu moja, ile inayofuatwa na msikiti wake. Na mpaka atakapopata kuuliza, aache kula kwa ile ya mapema na asali kwa ile ya baadaye. Kusali Alfajiri kabla ya wakati ni hatari kubwa kuliko kulikosa tonge la mwisho.

Alasiri ni jambo jepesi, ila khitilafu yake ni ndefu. Kwa Mashafii, wakati huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kitu chenyewe, juu ya kile kivuli cha adhuhuri. Kwa wenzetu Mahanafi, kinapokuwa mara mbili. Pwani yetu tofauti hiyo hukaribia saa nzima, na miezi mingine huipita. Wako wanaosema kuwa wamefika msikitini mapema na kumbe jamaa imekwisha kusaliwa, na sababu ni neno moja katika mipangilio ya programu.

Magharibi haina khitilafu ya digrii hizo, lakini ina mtego wa mahali. Nairobi iko magharibi yetu, na jua huko huchwa baada ya Mombasa kwa kadiri ya dakika 11, zikizidi na kupungua kwa misimu. Mtu ameifunga programu yake juu ya Mombasa, akapanda gari la moshi katika Ramadhani, akafika Nairobi na kufuturu kwa adhana ya mfukoni: huyo amekula na jua lingali juu, na siku yake ataidaiwa. Na mkaazi wa Mombasa aliyechagua Nairobi huwa anakula daku na alfajiri ya mji wake imekwisha kuingia.

Mwenye kuuliza aweza kusema: basi tuiachie simu ijue yenyewe tulipo. Yafaa, lakini kwa mpaka. Mwezi wa Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, huko Marekani, walifichua kwamba programu ya Muslim Pro, iliyokwisha kupakuliwa mara zaidi ya milioni 98, ilikuwa ikiipa kampuni iitwayo X-Mode habari za mahali walipo watumiaji wake. Na X-Mode nayo ikiwauzia wakandarasi, na kwao zikifika katika jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi, wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Lakini fikirini: mtu afungua kitu apate kujua wakati wa kumsujudia Mola wake, na nyayo zake zinahesabiwa na kupigwa bei! Basi ingieni katika mipangilio ya simu, mtazame ruhusa za kila programu, na ruhusa ya mahali iwe ni wakati programu inapotumiwa tu. Au iondoeni, muuandike mji kwa mkono, na mkumbuke kuubadilisha msafiripo. Na programu ya sala haina haja ya majina ya jamaa zenu, ikiyataka, inyimeni.

Imebaki kibla. Dira ya simu hupotoshwa na sumaku ya kifuniko chake, na spika, na chuma kilichomo ukutani. Tumesikia ya watu waliotaka kugeuza safu kwa ajili yake. Mombasa na Makka ziko karibu juu ya mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hivyo kibla cha Mombasa ni kaskazini hasa, na cha Lamu kimeelekea magharibi kidogo mno. Anayetaka kuyakinisha, na angojee tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, au tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Wakati huo jua huwa juu ya Kaaba, na saa yetu na ya Makka ni moja. Asimamishe mti ulionyooka uwanjani, autazame ulipoangukia uvuli wake, kisha aelekee upande ulio kinyume chake.