Hesabu ya Bosi

Jioni, taa za Maili Moja zikianza kuwaka, madereva wa bodaboda mjini Kibaha, mkoani Pwani, huanza kuhesabu. Noti zinatolewa kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, zinanyooshwa juu ya tangi, ya petroli inatengwa, na inayobaki inapimwa kwa kipimo kimoja tu: hesabu ya bosi. Elfu saba, elfu nane, elfu kumi, kutegemea pikipiki na walivyoelewana. Abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe kutwa au jua liwake, hesabu iko palepale. Ikipelea leo, kesho ni deni.

Pembeni yupo mwenzao mwenye pikipiki ya mkataba. Naye hupeleka fedha kila siku, pengine nyingi zaidi, ila miezi iliyoandikwa kwenye karatasi ikiisha chombo kinakuwa chake. Kuwatofautisha hakuhitaji maswali, inatosha kutazama cheni. Ya mwenye mkataba imepakwa grisi na kukazwa, na taa yake ya breki inawaka. Ya mwenye hesabu hulia wiki nzima, mpaka mwenye mali aisikie mwenyewe. Barabara ni moja, abiria ni walewale, na kiasi kinachopelekwa kinakaribiana. Kilichowatenga ni swali ambalo semina za uongozi hulipita mbio: lengo ni la nani?

Semina hizo hukaa zaidi kwenye namna ya kuliandika. Liwe mahususi, lipimike, liwe na tarehe. Ushauri huo si mbaya, lakini hesabu ya bodaboda ina sifa zote hizo na bado cheni inalia.

Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili kuliko vitabu vingi vya menejimenti. Lengo hutoka kwenye kulenga, na anayelenga ni yule aliyeshika upinde, kwa jicho lake na kwa pumzi aliyoibana mwenyewe. Motisha hutolewa: bahasha, kitenge, cheti cha mfanyakazi hodari siku ya Mei Mosi. Ari haina wa kuitoa. Huamka au hulala ndani ya mtu, na asili yake ya Kiarabu inanuka fedheha, kwa kuwa mwenye ari ni yule anayeona haya kazi yake ikionekana mbovu. Kisha kuna ujira, ndugu wa ajira na mwajiri. Katika Kiarabu neno hilo la malipo ya kibarua ndilo pia la malipo ya Mungu. Waswahili waligawa, ujira ukabaki kwa tajiri na thawabu zikaenda kwa Mola. Huenda waligawa mapema mno.

Mkoa wa Pwani umewahi kuona lengo kubwa la uchumi likiwekwa bila kumtazama mwenye upinde, na mashahidi wake bado wamesimama mashambani. Ni mikorosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho na ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Serikali ikaona, na iliona sawasawa, kwamba ni hasara kupeleka korosho ghafi India na kuacha faida ya kubangua kwa wengine. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia vikajengwa viwanda zaidi ya kumi, vingi vikiwa Mtwara, Lindi na Ruvuma, vingine Dar es Salaam, na kimoja Kibaha. Uwezo wa kubangua ukapangwa kwa kuamini kwamba mavuno yangeendelea kupanda.

Mavuno hayakupanda. Mwaka 1973 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua wananchi wote vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja ifikapo mwisho wa 1976. Kwa Mzaramo wa Kisarawe, wilaya ya mkoa huohuo, aliyezoea kujenga katikati ya mikorosho na minazi yake, uamuzi huo ulikuwa na maana ya mguu. Mti uliokuwa nyuma ya jiko sasa ulikuwa mwendo wa saa nzima. Korosho hazichumwi kama maembe, huachwa zianguke zenyewe na kuokotwa, na chini ya mti lazima pawe pamepaliliwa, la sivyo zinapotelea majanini au nguruwe pori wanatangulia. Nani atembee saa nzima akapalilie, wakati bei anayolipwa na mamlaka ya korosho inazidi kupoteza thamani? Ubwiriunga nao ukaingia, ule ugonjwa unaoyapaka maua unga mweupe na kuyakausha. Kufikia 1986/87 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya bahari ya korosho vikakosa hata mto, na baadhi vikageuka maghala.

Hapakuhitajika mgomo wala barua ya malalamiko. Watu waliacha tu kuokota, na takwimu zikasema kwa niaba yao. Salfa ilipopatikana, biashara ilipofunguliwa na bei ilipopanda hadi kufikia Sh 4,000 kwa kilo katika minada ya kusini, msimu wa 2017/18 ulitoa zaidi ya tani 313,000, na hakuna aliyelazimika kumhubiria mkulima uzalendo.

Hapo mtu wa fedha atasema jambo ni jepesi: lipa vizuri, watafanya kazi. Dini mbili zenye waumini wengi Kibaha na Kisarawe hazikubali kulimaliza kirahisi hivyo, ijapokuwa zote mbili zinaanza na malipo. Mafundisho ya Mtume Muhammad kwamba kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka yanajulikana hata na wasiosali. Lakini mafundisho hayohayo yanasema matendo hupimwa kwa nia, na kwamba kila mtu atapata kile alichonuia. Nia haiingii kwenye mkataba wa ajira. Mwajiri anaweza kununua saa nane za mtu, akanunua na mikono yake, asiweze kununua anachokinuia moyoni anaposhika chepeo. Ihsani nayo, ile daraja ya kufanya jambo kwa uzuri kama vile unamwona Mungu, na kama humwoni ukijua yeye anakuona, inamwondoa kabisa msimamizi kwenye picha. Fundi wa namna hiyo huunganisha vizuri hata bomba litakalofukiwa.

Injili ya Mathayo ina mfano ambao afisa rasilimali watu yeyote angeukataa kikaoni. Mwenye shamba la mizabibu anaajiri vibarua alfajiri kwa dinari moja, kisha wengine saa tatu, wengine adhuhuri, wengine saa kumi na moja jioni, na wakati wa malipo wote wanapata dinari ileile. Wa alfajiri wananung'unika, na kwa vigezo vya tija wana haki. Hata hivyo watu wa mwisho walipoulizwa kwa nini walisimama bure kutwa nzima, jibu lao lilikuwa kwamba hakuna aliyewaajiri. Anayepita mapema kwenye malango ya viwanda vya Zegereni au Visiga, au upande wa Visegese, Kisarawe, anawajua watu hao: wamekuja na kandambili na ndoo ya chakula, wanangoja supavaiza atoke aonyeshe kidole, wewe, wewe, na wewe. Wanaobaki si wavivu. Nao nyumbani wanangojwa na tumbo lilelile la dinari moja.

Ni haki pia kusema kwamba dini hutumiwa vibaya katika jambo hili. "Kazi ni ibada" ni maneno mazuri, ila husikika zaidi mwisho wa mwezi kutoka kwa mtu ambaye mishahara imemshinda.

Sasa upande wa pili, maana upo, na una ushahidi. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Gary Latham na wenzake walichunguza madereva wa malori ya magogo kusini mwa Marekani. Malori yalikuwa yakibeba kama asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa na sheria. Hawakuongezwa mshahara. Waliambiwa tu lengo ni asilimia 94, na kwamba asiyefika hataadhibiwa. Mwezi wa kwanza wakafika kama 80. Mwezi wa pili wakashuka hadi 70, na walipoulizwa ikajulikana kwamba walikuwa wanawajaribu mabosi, waone kama ile ahadi ya kutoadhibu ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Baadaye wakavuka 90 na kubaki huko. Kibaha inayaelewa mambo haya ya uzito, kwani kwa miaka mingi mzani wa malori ya Barabara ya Morogoro ulikuwa hapohapo mjini kabla ya kazi kuhamia Vigwaza.

Lengo lile walipangiwa, halikuwa lao, na lilifanya kazi. Kwa hiyo kudai kwamba kila lengo lipigiwe kura ni kutia chumvi. Latham mwenyewe, pamoja na Miriam Erez aliyekuwa akibishana naye kuhusu suala hilo na Edwin Locke aliyewapatanisha, walifikia hitimisho mwaka 1988 kwamba lengo la kupangiwa linaweza kufaa sawa na la kushirikishwa, mradi mtu aelezwe sababu yake. Lakini mwezi ule wa pili ndio wenye siri. Madereva hawakuuliza namba ilitoka wapi. Waliuliza kama aliyeitoa namba atashika neno lake. Walilichukulia lengo kama ahadi, na ahadi ina pande mbili.

Ajabu ni kwamba utumishi wa umma wa Tanzania uliwahi kuliandika wazo hili kwenye fomu. Mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, OPRAS, ulianza Julai 2004. Mtumishi na msimamizi wake walikaa pamoja, angalau kwa mujibu wa maelekezo, wakajaza malengo waliyokubaliana, vigezo vya kuyapima, na mwisho wa mwaka alama kutoka 1 iliyo bora hadi 5 iliyo mbaya. Watumishi wengi wanaikumbuka kwa uchovu. Wachache wanakumbuka kwamba pembeni ya malengo kulikuwa na safu ya rasilimali zilizokubaliwa.

Chukua mwalimu wa Hisabati wa sekondari ya kata, tuseme upande wa Maneromango. Lengo: ufaulu wa kidato cha nne upande. Kwenye safu ile anaandika vitabu, kimoja kwa wanafunzi wawili, na mwalimu wa pili wa somo. Mkuu wa shule anaisoma fomu, anavua miwani. "Mwalimu, hapa andika tu 'zilizopo'. Ukiandika hivi mimi nitasaini nini?" Mkuu si mtu mbaya, vitabu hana. Basi linaandikwa neno moja, zilizopo, na kwa neno hilo ahadi inageuka kuwa hesabu ya bosi.

Tangu mwaka wa fedha 2023/24 fomu imehamia kwenye mfumo wa kidijitali, PEPMIS, na mtumishi hujaza kazi zake kwa simu au kompyuta. Karatasi zimeisha. Ule upungufu wa safu ya rasilimali hauna programu ya kuutibu.

Namba ikibaki peke yake, bila upande wa pili, watu hutafuta njia ya kuishi nayo. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa 2013, ulioigwa Malaysia, uliitaka elimu ifike ufaulu wa asilimia 60 mwaka huohuo na 80 mwaka 2015. Katika kipindi hichohicho madaraja ya kidato cha nne yalifumuliwa, ukaja wastani wa pointi badala ya divisheni, na 2016 divisheni zikarudi. Mzazi wa Kisarawe aliyekuwa na watoto wawili waliofuatana alibaki na matokeo mawili yasiyoweza kulinganishwa.

Wilaya hiyohiyo baadaye ilijaribu namna nyingine. Chini ya Jokate Mwegelo, aliyeteuliwa mkuu wa wilaya mwaka 2018, ilianzishwa kampeni ya Tokomeza Zero. Jina lake lina harufu ya jukwaa, na kulenga kukwepa divisheni ya mwisho ni kulenga chini. Hata hivyo kampeni haikuishia kumwambia mtoto asipate zero. Michango ilikusanywa na shule ya wasichana ikajengwa, kwa kujua kwamba msichana anayetembea kilomita kadhaa kwenda na kurudi hafeli Hisabati kwa kukosa ari. Mkubwa aliyeweka namba alibeba tofali. Kibaha ilikwishafanya hivyo kwa kipimo kikubwa zaidi mwaka 1963, nchi za Nordiki zilipoanzisha pale kituo ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha: maadui watatu wa Taifa, ujinga, maradhi na umaskini, wakapangiwa shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Mwaka 1970 kikakabidhiwa Serikali.

Kwa viwanda vipya vinavyoota kati ya Mlandizi na Pugu, sheria imekwenda mbali kuliko mameneja wengi wanavyodhani. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kwa utendaji duni ajiulize kwanza: kiwango hicho mfanyakazi alikijua? Kilikuwa cha busara? Kwa nini hakukifikia? Alipewa nafasi ya haki ya kukifikia? Ni maswali ya mahakama, lakini yangeweza kuulizwa na sheikh au padri bila kubadilisha neno. Lakini mara nyingi yanaulizwa mwishoni, mbele ya mwamuzi, mtu akiwa ameshapoteza kazi.

Mwanamke anayefungasha bidhaa kwenye shifti ya usiku hayasubiri. Anajua maboksi aliyopangiwa, anajua mashine ya kubandika lebo ilikwama saa mbili, na alfajiri, akiwa mbele ya supavaiza mwenye daftari, anataka kuona kitu kimoja tu: kama dakika zile za kukwama zimeandikwa.