Mguu Uliozoea

Dereva aliyeendesha gari moja kwa miaka mingi ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa kama breki zake ni nzima. Nasema hivi bila kumvunjia heshima yeyote, maana dereva ninayemfikiria ni baba yangu mdogo, na sijaona mtu makini kumzidi barabarani. Gari lake ni Land Rover 109 ya toleo la tatu, lile lililotoka viwandani Uingereza kati ya 1971 na 1985. Kazi yake ni kushusha kabichi, karoti na viazi kutoka milima ya Usambara, kupitia Soni hadi Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Anayeijua barabara ile anajua kona zake, na anajua kuwa upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni korongo.

Macho yalipoanza kumsumbua aliniita akanikabidhi funguo. "Breki nzima kabisa, mwanangu," akasema. "Ila ukanyage mara mbili."

Nikakanyaga mara moja, pedali ikaenda mpaka chini. Nikamwambia, "Bamdogo, hii inazama." Akanijibu kwa upole, kama anavyojibu kila jambo: "Utaizoea."

Hakuwa anadanganya. Breki ya drami haifi siku moja. Laining ya brekshuu hulika kidogo kidogo, na kadiri inavyolika ndivyo nafasi kati yake na drami inavyopanuka. Mafuta mengi zaidi yanahitajika kusukuma brekshuu hadi zikaguse chuma, kwa hiyo pedali hushuka, lakini kwa kiasi ambacho mguu hauwezi kukitambua kati ya Jumatatu na Jumanne. Kanyago la kwanza linajaza nafasi hiyo, la pili ndilo linalosimamisha gari. Mguu wa dereva unajifunza kuanza mapema, na mkono nao unajifunza kuwahi gia nzito kabla ya kona. Huo ni ustadi wa kweli, na ndio uliomfikisha baba mdogo Mombo salama miaka yote hiyo. Lakini ustadi huo unamsaidia mtu anayeiona hatari ikija kwa mbali. Mtoto akikatiza barabara ghafla, nafasi ya kanyago la pili haipo.

Nikamtafuta fundi mmoja mzee ambaye ameshika magari ya aina hii tangu ujana wake, nikamwomba jambo ambalo mafundi wengi hawalipendi: akae pembeni, anielekeze, mikono iwe yangu. Sikuwahi kufungua breki maishani mwangu. Akakubali kwa sharti kwamba nisiguse nati yoyote kabla hajasema.

Agizo lake la kwanza lilikuwa kutafuta mawe makubwa ya kukingia magurudumu. Nikadhani handbreki inatosha. Akanionyesha uvunguni kwamba handbreki ya 109 haimo kwenye magurudumu hata kidogo. Ni drami ndogo nyuma ya gia boksi, inayoshika shafti iendayo kwenye difu ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu gurudumu hilo lizunguke hewani huku lenzake lililo chini likizunguka upande wa pili, shafti ikiwa imetulia vilevile. Gari linaweza kusogea na kudondoka kwenye jeki na handbreki ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Wako watu wanaomiliki magari haya bila kulijua jambo hili, nami naliandika hapa kwa ajili yao: mawe kwanza, jeki baadaye.

Drami haikutoka kwa kuvutwa. Ukingo wake wa ndani ulikuwa umeota tuta la chuma na kutu, na brekshuu zilikuwa zimeshika nyuma yake. Tukalegeza adjasta, tukagonga pembeni kwa nyundo ya mbao, zamu kwa zamu, mpaka ikaachia. Vumbi jeusi lililomo ndani nilitaka kulipuliza. Fundi akaudaka mkono wangu. Laining za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Tukalilowesha kwa maji, tukalifuta kwa kitambaa kibichi, na kitambaa tukakifunga kwenye mfuko na kukitupa. Vijana wa gereji zetu hupuliza vumbi hilo kwa kompresa kila siku, na hakuna anayewaambia. Hili linaniuma.

Silinda ya gurudumu ilikuwa ikivuja. Fundi akanusa unyevu uliokuwa kwenye brekshuu, akanipa nami ninuse, kwa sababu oili ya difu ina harufu ya kiberiti na mafuta ya breki hayana. Kama ingekuwa oili, ingebidi tuhangaike na sili ya ekseli. Yalikuwa mafuta ya breki. Laining iliyolowa mafuta haisafiki kwa kuoshwa na petroli, hata ikikauka na kupendeza machoni. Gari likipata moto mafuta hutoka tena ndani yake. Inatupwa. Na haitupwi ya upande mmoja peke yake, kwa sababu gurudumu la kulia likishika kuliko la kushoto gari linavutwa, na pale Soni kuvutwa kushoto au kulia ni kwenda ukutani au korongoni.

Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Kila moja lina silinda mbili, moja kwa kila brekshuu, na zimepangwa ili gari likienda mbele, mzunguko wa drami uzivute brekshuu zote mbili na kuzikandamiza zaidi. Yaani mwendo wa gari lenyewe unamsaidia dereva kulisimamisha. Ni fikra nzuri sana ya wahandisi wa wakati ule, waliolijengea gari hili drami kwenye magurudumu yote manne. Lakini msaada huo ni wa kwenda mbele tu. Gari likirudi nyuma, drami inazisukuma brekshuu mbali badala ya kuzivuta, na breki za mbele zinadhoofika hasa pale zinapohitajika. Sasa chukua 109 iliyojaa viazi, injini imezimika katikati ya mlima, gari linaanza kuteremka kinyumenyume. Nilipomweleza baba mdogo jambo hili alinyamaza kidogo, kisha akasema yamewahi kumkuta, na hakuwahi kujua kwa nini.

Springi zilinichosha mikono, lakini hazina siri kubwa kwa mwenye subira: fungua upande mmoja, uache wa pili mzima, uwe unautazama. Mafuta nayo tuliyamwaga yote. Yalikuwa meusi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo unashusha kiwango chake cha kuchemka. Daraja la DOT 4 likiwa jipya halipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selisiasi. Likishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Drami ikipata moto kwenye mteremko mrefu, mafuta ya namna hiyo huchemka ndani ya silinda, mvuke unajaa, na mvuke unabonyea. Dereva anakanyaga hewa. Wapo wanaojazia oili ya injini wakiishiwa njiani. Oili hiyo inavimbisha raba za sili zote, kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho, na gari linakuwa bovu kuliko lilivyokuwa.

Tulipokwisha kutoa upepo, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, pedali ilisimama juu, ngumu. Nikamkaribisha baba mdogo alijaribu gari lake kiwanjani, mchana. Akakanyaga kama alivyozoea, mapema na kwa nguvu, na gari likasimama papo hapo hata kofia yake ikaanguka. Akashuka amekunja uso. "Mmezibana mno," akasema. "Hizi si breki."

Nimelitafakari neno lake kuliko yote niliyoyaona uvunguni. Mtu mwadilifu, mwenye akili, aliyeishi na kitu kibovu muda mrefu, alikutana na kizima akakiona kina kasoro. Mguu wake ulikuwa umejirekebisha ukafuata ubovu, mpaka ubovu ukawa ndio kipimo.

Na jibu alilonipa siku ya kwanza ndilo tunalompa kila mgeni anayeuliza swali la maana. Mwalimu mpya anauliza kwa nini watoto wanasomea chini ya paa lenye ufa, utazoea. Mwajiriwa mpya anauliza kwa nini mteja anarudishwa mara tatu kwa karatasi moja; utazoea. Bibi harusi anauliza kwa nini mama mkwe hula wa mwisho nyumbani; utazoea. Tunasema kwa wema, tukitaka kumpunguzia mgeni usumbufu. Lakini miezi ile michache kabla hajazoea ndiyo miezi pekee ambayo macho yake yanaona tusichokiona sisi, na tunaharakisha kuyafumba. Naamini huu ni upotevu mkubwa katika familia zetu na maofisini mwetu, mkubwa kuliko wa fedha.

Baba mdogo ameikubali breki mpya, ingawa bado mguu wake unatafuta kanyago la pili. Vijana wanaoliazima gari hawana tena maelekezo ya kukariri.

Ndugu msomaji mwenye gari la zamani, kabla hujateremka mlima wiki hii, mpe mtu mwingine akanyage breki yako, mtu asiyelijua gari lako. Usimweleze lolote kwanza. Akisema pedali inazama, mwamini yeye kuliko mguu wako, na gari lisitoke mpaka drami zimefunguliwa.